Dereva Asichague Lori, Achague Mwajiri

Mji wa Makambako umekaa mahali ambapo barabara mbili hukutana. Moja ni ile barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya, Tunduma na Zambia. Ya pili ni ile ichepukayo kusini kwenda Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo hupita papo hapo. Kwa sababu hiyo hakuna saa ya mchana wala ya usiku ambapo ngurumo ya lori haisikiki Makambako. Mbao, viazi, chai na parachichi za Njombe hupita hapo. Makaa ya mawe ya Ngaka na mahindi ya Ruvuma hupita hapo. Mbolea, saruji na mafuta hupita hapo. Na shaba ya Zambia na ya Kongo hupita hapo ikielekea bandarini.

Vijana wengi wa mkoa huu hukua wakiyatazama malori hayo, na si ajabu kwamba wengi wao hutamani kuyaendesha. Tamaa hiyo si mbaya. Udereva wa lori ni kazi ya ufundi na ya dhamana kubwa: mtu mmoja hukabidhiwa mali ya mamilioni ya shilingi na kuambiwa aifikishe salama katika nchi ya mbali. Lakini liko jambo moja ambalo halijapewa uzito unaostahili, nalo ni namna dereva anavyomchagua mtu wa kumfanyia kazi. Akiulizwa kwa nini ameiacha kampuni moja na kuhamia nyingine, mara nyingi dereva hujibu kwa maneno machache: huko malori ni mapya, au huko posho ni nono. Majibu hayo mawili, ambayo husemwa kwa fahari siku ya kuanza kazi, ndiyo chanzo cha majuto mengi siku ya kuimaliza.

Wapo watakaosema kwamba mchagua jembe si mkulima, na kwamba katika zama ambapo vijana ni wengi na kazi ni chache, dereva hana haki ya kuchagua. Ashukuru kupewa usukani. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni ukweli nusu. Kijana aliyepata leseni jana hana nafasi kubwa ya kuchagua, na mara nyingi huanza kama utingo au kama deiwaka. Dereva mzoefu wa semi-trela, mwenye pasipoti na aliyekwisha kuivuka mipaka ya Tunduma na Kasumbalesa bila kupoteza mzigo, hayumo katika hali hiyo. Huyo hutafutwa. Tajiri mwenye lori lililosimama yadini hupoteza fedha kila siku, na analijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Dereva asiyetambua kwamba ujuzi wake ni mtaji huuza mtaji huo kwa bei ya kutupa.

Historia ya barabara hii yenyewe inafundisha. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa uongo, Zambia ilijikuta imekabwa, kwa kuwa mafuta na shaba yake vilikuwa vikitegemea njia za kusini. Ikabidi njia ifunguliwe upesi upande wa kaskazini, kupitia Tanzania. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, kwa ubia wa serikali hizi mbili na kampuni ya Kitaliano, na madereva wakaanza kubeba mafuta kwenda na shaba kurudi. Barabara wakati huo ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya utelezi wakati wa masika, na ajali zilikuwa nyingi mno hata ikapewa jina la Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta lilipokamilika mwaka 1968, lami ilipowekwa, na reli yenye urefu wa kilomita 1,860 ilipojengwa kati ya 1970 na 1975, mzigo ulipungua mabegani mwa madereva hao. Katikati ya miaka ya 1980 lami ikatoka Makambako, ikapita Njombe na kufika Songea.

Watu wengi hukumbuka viongozi waliotia sahihi mikataba ya bomba na ya reli. Ni wachache wanaowakumbuka madereva waliokesha matopeni ili Zambia isizimike. Kusahauliwa huko ndiko kulikojenga tabia ya kumwona dereva kuwa ni sehemu ya lori, kama tairi au turubai, kitu ambacho kikichakaa hutupwa na kingine kikafungwa mahali pake. Tabia hiyo haitaondoka kwa hotuba. Itaondoka pale dereva mwenyewe atakapojiona kuwa ni mfanyakazi mwenye haki, na kuanza kumpima mwajiri kama mwajiri anavyompima yeye.

Kwanza ajue anachokitaka

Hakuna kampuni moja iliyo njema kwa kila dereva. Neno hili ni rahisi kulitamka, lakini madereva wengi hulipuuza. Kijana wa miaka 26 asiyekuwa na mke, anayetaka kukusanya fedha za kujenga nyumba, anaweza kufaidika na safari za Lubumbashi zinazomweka njiani wiki tatu au nne. Baba wa watoto wanne, ambaye mkewe ni mgonjwa na ambaye shamba lake la viazi linahitaji macho yake, atafaidika zaidi na kazi ya kubeba mbao au chai kutoka Njombe hadi Dar es Salaam na kurudi, hata kama fedha inayoonekana ni ndogo. Dereva aliyefikisha miaka 50, ambaye mgongo umeanza kumsumbua, hana haja tena ya kushindana na vijana. Haja yake ni kampuni inayomwekea akiba ya uzeeni na kumtibu anapougua.

Kwa hiyo swali la kwanza halielekezwi kwa kampuni, bali kwa dereva mwenyewe. Je, anataka fedha ya haraka au kazi ya kudumu? Anataka kulala nyumbani mara ngapi kwa mwezi? Yuko tayari kuingia maeneo ya hatari? Swali hili la mwisho si la kutisha watu bure. Septemba 2016 madereva wa Kitanzania walitekwa nyara na watu wenye silaha katika Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo, na baadhi ya malori waliyokuwa nayo yakachomwa moto. Waliokolewa, lakini somo lilibaki. Mwenye kutaka kwenda huko aende akijua, na akijua vilevile kampuni itafanya nini kwa jamaa zake endapo hatarudi.

Dereva asiyejiuliza maswali haya huamuliwa na wengine. Hufuata alikokwenda rafiki yake, na baada ya miezi sita hugundua kwamba kilichomfaa rafiki yake hakimfai yeye.

Posho si mshahara

Baada ya kujua anachokitaka, dereva hana budi ajifunze kupiga hesabu, na hesabu ya kwanza ni kutenganisha posho na mshahara. Tuseme kampuni ya kwanza inatoa mshahara wa shilingi 350,000 kwa mwezi na posho ya shilingi 600,000 kwa kila tripu ya Lubumbashi. Kampuni ya pili inatoa mshahara wa shilingi 650,000, na posho inayolipwa kwa siku, ya kutosha kula na kulala tu. Madereva wengi watakimbilia ya kwanza na kujitangaza kwamba wanapata shilingi 950,000 kwa mwezi.

Hesabu hiyo ni ya kujidanganya. Posho ni fedha ya chakula, maegesho, mlinzi wa usiku na dharura ndogo za njiani. Ikiwa tripu itachukua siku 24, shilingi 600,000 ni shilingi 25,000 kwa siku. Ikiwa foleni ya mpakani itaongeza siku kumi, fedha ileile itagawanywa kwa siku 34, na haitafika shilingi 18,000 kwa siku. Kumbe basi, katika kampuni ya kwanza gharama ya foleni imehamishwa kutoka mfuko wa tajiri na kuingizwa katika tumbo la dereva. Katika kampuni ya pili, siku zikiongezeka posho nayo huongezeka, na tajiri mwenyewe huwa wa kwanza kuhangaikia nyaraka zikamilike upesi.

Na foleni si jambo la kubahatisha katika njia hii. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichofunguliwa mwaka 2019, kilijengwa ili kupunguza muda wa kuvuka, lakini mpaka ni mpaka. Mei 2020, wakati wa maradhi ya Korona, Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde, na malori yakapangana Tunduma. Dereva aliyekuwa na posho ya tripu alikula akiba yake. Aliyekuwa na posho ya siku alisubiri kwa uchungu uleule, lakini hakusubiri kwa njaa.

Hesabu ya pili ni ya uzeeni. Michango ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ni asilimia 20, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu ya kiasi hicho. Kwa desturi ya makampuni mengi, posho ya njiani haihesabiwi. Basi kwa mshahara wa shilingi 350,000 mchango ni shilingi 70,000 kwa mwezi. Kwa mshahara wa shilingi 650,000 ni shilingi 130,000. Tofauti ni shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani shilingi 720,000 kwa mwaka. Katika miaka kumi tofauti hiyo inafika shilingi 7,200,000. Hizo ndizo fedha ambazo dereva wa posho nono huziacha barabarani bila kujua kwamba zimedondoka.

Malipo ya kuachishwa kazi nayo hufuata mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kwamba mfanyakazi anayestahili malipo hayo atapewa mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliotumikia, kwa kiwango kisichozidi miaka kumi. Ikiwa mwezi utahesabiwa kuwa na siku 26 za kazi, dereva wa kampuni ya kwanza aliyetumikia miaka kumi atapata zaidi kidogo ya shilingi 940,000, na yule wa kampuni ya pili atapata shilingi 1,750,000. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba hiyo lazima iwe imeandikwa mahali.

Mafuta na makato

Liko jambo jingine ambalo huvunja urafiki wa dereva na tajiri kuliko yote, nalo ni mafuta. Kampuni hutoa dizeli ya kipimo kwa tripu. Ikipungua, dereva hukatwa. Baadhi ya matajiri huweka kipimo kidogo kupita kiasi wakijua kwamba mlima, baridi na foleni havikuhesabiwa. Na baadhi ya madereva huuza mafuta njiani wakijua kwamba tajiri haoni. Pande zote mbili huishi kwa kuviziana, na mwisho wake ni wizi upande mmoja na uonevu upande wa pili.

Ni lazima isemwe wazi kwamba kuuza mafuta ya kampuni ni wizi, na dereva anayefanya hivyo hana uso wa kudai haki. Lakini ni lazima isemwe vilevile kwamba makato ya kubahatisha hayaruhusiwi. Sheria ileile ya 2004 inataka kwamba mwajiri akitaka kumkata mfanyakazi kwa ajili ya hasara au uharibifu, kosa liwe limetokea kazini na liwe ni la mfanyakazi huyo. Aelezwe kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi hesabu ilivyofanywa. Apewe nafasi ya kujitetea. Na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Tajiri anayesema, “Nitakata mshahara wote mpaka deni liishe,” anasema jambo ambalo sheria haimruhusu.

Kwa hiyo dereva anayechagua kampuni asiulize tu atapewa lita ngapi. Aulize kipimo kiliwekwaje, nani alilijaribu lori likiwa na mzigo kamili, na upungufu ukitokea husikilizwa na nani. Kampuni yenye utaratibu itajibu swali hilo kwa dakika mbili. Kampuni isiyo na utaratibu itamwambia kwamba ana maneno mengi, na jibu hilo nalo lina faida, kwa kuwa limemwonyesha mapema atakachokikuta ndani.

Breki na usingizi

Wanaolisifia lori kwa rangi yake wamesahau Mlima Kitonga. Lori lenye mzigo likiteremka kati ya Ilula na Ruaha Mbuyuni halijali rangi. Linajali breki, gia na akili ya mtu aliyeshika usukani. Lori la miaka kumi lililotunzwa na fundi mwaminifu ni bora kuliko lori jipya ambalo breki zake hazijaguzwa tangu lishuke melini. Swali la maana, basi, ni hili: dereva akirudi yadini na kusema kwamba breki hazishiki, je, lori husimamishwa au yeye ndiye husimamishwa? Madereva waliokwisha kufanya kazi katika kampuni hiyo watamwambia kweli, na inafaa awatafute na kuwauliza kabla hajatia sahihi.

Vivyo hivyo kuhusu uzito. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2013, uzito wa gari pamoja na mzigo wake hautakiwi kuzidi tani 56, na kila ekseli ina kiwango chake. Mizani ya Makambako, kama zile za Vigwaza, Mikese, Wenda na Mpemba, ipo kwa ajili hiyo. Tajiri anayezidisha mzigo akitumaini mambo yatamalizwa kwa maelewano humfanya dereva kuwa mtoa rushwa wake. Siku mambo yasipomalizika, anayelala mizanini siku tatu ni dereva, na anayeulizwa maswali wa kwanza ni dereva.

Na usingizi nao ni mzigo. Sheria ya ajira inaweka saa 45 za kawaida kwa juma, na saa tisa kwa siku; pamoja na saa za ziada, siku ya kazi isizidi saa 12. Inataka pia mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Kampuni inayompangia dereva kutoka bandarini jioni na kumtaka awe Tunduma kesho yake mchana, zaidi ya kilomita 900, imekwisha kumwambia avunje sheria kabla hajawasha injini. Dereva anayeikubali ratiba hiyo kwa sababu ya bahashishi ya kuwahi anajikopesha fedha kwa dhamana ya uhai wake, na ya uhai wa abiria wa basi atakalokutana nalo njiani.

Kuwa mbali na nyumbani

Mkoa wa Njombe unabeba mzigo mwingine ambao haufai kufichwa. Utafiti wa taifa wa 2022–2023 ulionyesha kwamba asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani humo wanaishi na virusi vya UKIMWI, kiwango kikubwa kuliko mkoa wowote nchini, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 4.4. Si haki kuwatupia madereva lawama hiyo peke yao, kama wengi wapendavyo kufanya wanapokaa vijiweni. Lakini hakuna anayeweza kukana kwamba mtu anayekaa siku 34 mfululizo mbali na mkewe, akilala ndani ya lori katika miji ya mipakani, amewekwa katika majaribu ambayo karani wa ofisini hayajui.

Kwa dereva anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi, uchaguzi wa kampuni ni jambo la uhai. Anahitaji kujua siku yake ya kliniki haitapotea kwa sababu tajiri ameamua tripu iongezwe. Likizo ya mwaka ya siku 28 na likizo ya ugonjwa zimo ndani ya sheria, si hisani ya mtu. Kampuni inayoziheshimu humrudisha dereva nyumbani akiwa mume na baba; isiyoziheshimu humrudisha akiwa mgeni.

Karatasi na mwalimu

Yote yaliyotajwa hayana maana ikiwa hayakuandikwa. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na jasho la mtu ni mali. Aprili 2015 madereva wa mabasi waligoma nchi nzima, na abiria wakakwama katika vituo. Pamoja na malalamiko yao juu ya kulazimishwa kurudi masomoni kila leseni inapohuishwa, dai lao kubwa lilikuwa ni kupewa mikataba ya ajira. Na hapo sheria ya 2004 ilikuwa imekwisha kumaliza miaka zaidi ya kumi. Inasikitisha kwamba watu wazima walilazimika kusimamisha usafiri wa taifa ili wapewe karatasi ambayo sheria ilikwisha kuwapa.

Sheria inamtaka mwajiri amwandikie mfanyakazi maelezo ya kazi yake: mahali, saa, mshahara na namna unavyokokotolewa. Inataka pia kwamba mfanyakazi asiyeyaelewa maelezo hayo aelezwe kwa namna atakayoelewa. Tena inasema kwamba shauri likifika mbele ya wasuluhishi na mwajiri akashindwa kutoa maandishi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Dereva wengi hawalijui hili. Hudhani kwamba kwa kuwa hawakuandikiwa kitu basi hawana kitu, na wakifukuzwa huondoka kimya. Anayeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi huzimaliza siku hizo wakibembeleza kwenye geti la yadi.

Hapa ndipo walimu na watumishi wa serikali wanapoingia. Si jambo geni katika vijiji vya Njombe kumwona kijana aliyemaliza shule miaka mitano iliyopita akirudi nyumbani kwa mwalimu wake jioni, karatasi ikiwa imekunjwa mfukoni. “Shikamoo, Mwalimu,” husema, “kuna kampuni imenipa hii nitie sahihi kesho.” Karatasi hiyo mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Mwalimu anayemjibu kwamba hana nafasi, au anayeipitia juujuu na kumwambia kwamba iko sawa tu, amemwacha mwanafunzi wake katika mtihani ulio mkubwa kuliko ule wa kidato cha nne. Anayekaa naye nusu saa, akamsomea kipengele kimoja kimoja na kumwuliza, “Mshahara uko wapi hapa, na posho iko wapi? NSSF imetajwa? Ukiumia ugenini, nani atakayekuleta?” amefanya kazi ya elimu kwa maana yake kamili.

Afisa wa kazi, afisa wa NSSF na wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao wana wajibu wao. Mfuko huo wa fidia, ulioanzishwa kwa sheria ya 2008, huchangiwa na mwajiri peke yake. Haifai hata shilingi moja ya mchango huo ikatwe kwenye mshahara wa dereva. Afisa anayesubiri ofisini mpaka mjane wa dereva aje kuulizia fidia, na ndipo wote wawili wagundue kwamba kampuni haikuwahi kusajiliwa, amechelewa. Yadi za malori hazikufichwa. Zinaonekana kutoka barabarani, na barabara ni moja.

Matajiri nao wasidhani kwamba maneno haya ni ya kuwapiga vita. Mwenye malori anayelipa mshahara wa haki na kutunza magari yake hushindana katika soko lilelile na yule anayeiba michango ya wafanyakazi na kuzidisha mizigo, na kila dereva mzuri anayekwenda kwa yule wa pili kwa kuvutwa na posho nono humwadhibu yule wa kwanza kwa wema wake. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU uliwakanya viongozi wasiwe na majivuno, dharau wala uonevu kwa wale wanaowaongoza. Mashirika mengi ya wakati ule hayapo tena, na malori mengi ya leo ni ya watu binafsi. Lakini utu wa mfanyakazi haukubinafsishwa. Anayeshika usukani wa lori la mtu binafsi ana utu uleule aliokuwa nao babaye alipoendesha lori la umma.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kampuni inayowatuma mawakala vijiweni Makambako kuwanong'oneza madereva kwamba huko kwao fedha ni nje nje, ina sababu ya kukosa madereva, na sababu hiyo itafutwe kabla ya kutia sahihi. Dereva aende yadini kwao asubuhi, atazame matairi, aongee na mafundi, awaulize waliotoka, aombe karatasi, aipeleke kwa anayejua kusoma, kisha alale nayo usiku mmoja. Lori atakalopewa litachakaa baada ya miaka michache na kuuzwa vipuri. Sahihi aliyoitia itaendelea kumlisha, au kumlaza njaa, miaka mingi baada ya lori hilo kusahaulika.